Barabara Isiyo na Kituo

Telesphor Rwegasira alidharau watu kwa zamu, kama alivyoendesha basi kwa zamu. Asubuhi aliwadharau waliolikimbilia basi huku kahawa ikiwamwagikia mikononi. Mchana ikawa zamu ya wazee waliopanda kwenda kituo kimoja tu, jioni zamu ya watoto wa shule waliobonyeza kengele kwa mchezo. Wote aliwapa jina moja: mizigo. "Leo nimebeba mizigo mpaka basi," alimwambia binti yake Angel akivua viatu sebuleni kwao Peckham, kisha akasonya.

Miaka kumi na tisa alikuwa dereva wa basi la London, njia ileile, vituo arobaini na vitatu kwenda na arobaini na viwili kurudi, na hakuna kituo ambacho mtu hakuwahi kukibonyezea kengele. "Kuendesha ni kazi ya punda," alipenda kutangaza mbele za watu. "Mwenye akili anakaa nyuma, anaangalia dirishani."

Mwongo. Kuendesha alikupenda sana. Alichokichukia ni kusimama.

Watanzania wa upande ule wa London wana chama chao cha kufa na kuzikana, na Telesphor alikuwa mwanachama kwa sababu hata mwenye dharau hufa. Walikutana Jumapili kwa Winifrida, muuguzi mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima, ambaye ndiye mwenyekiti. Mwaka ule hakufa mtu. Kikao kikakosa la kujadili, na Winifrida akaja na wazo.

"Tumezoea kuonana kwenye misiba," alisema. "Safari hii tuonane tukiwa hai. Twende tukatembee Ulaya."

Talib, Mzanzibari mwenye simu mbili na picha zisizohesabika, alishaipata miji yenyewe: Salzburg huko Austria, na Krumlov ng'ambo ya mpaka, Ucheki. Yote miwili ya kale, yote ina ngome juu na mto chini. Katikati yake kuna milima, maziwa, na mpaka usiokuwa na hata askari mmoja. Wangekodi gari la watu tisa na kuliendesha kutoka mji hadi mji.

Telesphor alimtazama Talib, akamtazama Winifrida. Hawa ndio wa kuvuka milima? Watu wasioweza kufika Croydon, hapohapo London, bila kuongozwa na simu! Lakini walipomwomba yeye, fundi wa barabara, awapangie njia, alikubali kwa uso wa mtu aliyeongezewa vyombo vya kuosha.

Akanunua ramani ya karatasi, maana simu ni za mizigo. Jumamosi moja mchana akaitandaza mezani, akaanza kuifuata njia kwa kidole, na hapo ndipo jambo lilipomshika. Njia ilitoka Salzburg, ikazunguka ziwa, ikapita Linz, ikapanda kaskazini hadi mpakani. Baada ya mpaka kulikuwa na kipande kimoja kilichokatiza msitu bila kijiji, bila daraja, bila alama yoyote. Kidole kiliteleza pale kama kimepakwa mafuta. Akarudia. Akarudia tena.

Alitaka kitu kimoja tu: ashike usukani Salzburg na auachie Krumlov, asisimame popote, asisikie kengele. Mwendo wa saa tatu na nusu. Baada ya miaka kumi na tisa, saa tatu na nusu zingemtosha.

"Dad, are you talking to the map?" Angel aliuliza toka mlangoni.

"Nenda kasome," alimjibu.

Kikao kilichofuata akaipeleka njia yake, na mizigo ikaanza kazi ya mizigo.

"Ziwani lazima tusimame," alisema Winifrida. "Mimi kibofu changu nakijua."

"Na hapo mbele tuswali, tupige na picha mbilitatu," alisema Talib. "Picha mbilitatu tu, wallahi."

Mbilitatu za Talib ni mia. Mwingine alitaka duka la mikate. Mwingine alitaka mahali pa kubadilisha nguo ili waingie Krumlov na sare, maana kitenge kilishachaguliwa, cha zambarau, kana kwamba wanakwenda kumpokea bwana harusi. Kufikia mwisho wa chai vituo vilikuwa saba. Telesphor aliviandika kimoja kimoja kwa mwandiko mzuri, huku moyoni akiwatukana kwa Kihaya, lugha ambayo hakuna aliyeijua pale ndani.

Mtu mwingine angefungua mdomo akasema, jamani, mimi natamani tupite moja kwa moja, angalau kipande. Telesphor aseme hivyo? Dereva aombe ruhusa kwa abiria? Aliwadharau mno kiasi cha kushindwa kuwaambia anachotaka. Basi akaamua kimyakimya kwamba akishaingia nyuma ya usukani, nani atamzuia? Ziwa watalionea dirishani. Kibofu cha Winifrida kitajifunza subira.

Viza za wenye pasipoti ya nyumbani zikatoka, tiketi za ndege zikakatwa. Zikabaki wiki mbili. Jumapili ya kikao cha mwisho Telesphor alishangaa kumkuta Angel, ambaye huvikwepa vikao kama mtoto anavyokimbia sindano, amekaa karibu na Winifrida na sahani ya vitumbua, anachekacheka.

Winifrida akasimama. "Kaka Telesphor, tunakuomba utusikilize, na usikatae. Tumeona unavyochoka. Angel ametuambia mgongo unavyokusumbua, kila ukirudi ni kusonya tu. Na wewe mwenyewe umetuambia mara ngapi kwamba kuendesha ni kazi ya punda? Sasa sisi sio wanyama. Tumebadilisha booking. Tumepata gari kubwa zaidi na dereva wao hukohuko, mzee wa Salzburg, anaijua njia. Safari hii wewe unakaa nyuma, kaka. Unaangalia dirishani."

Wakapiga makofi. "Na kiti cha dirishani ni chako, bwana," alisema Talib. "Hakai mtu."

"It was my idea, Dad," alisema Angel. Macho yalimng'aa.

Telesphor aliitafuta dharau yake, ile iliyokuja kila siku bila kuitwa, asiione. Mama yake alikuwa na msemo, mficha uchi hazai, na yeye alidhani ni maneno ya kuwaambia wagumba. Neno lilikuwa pale ulimini, maneno mawili tu: nataka kuendesha. Alimtazama binti yake. Aliwatazama wale watu, waliokaa wakamfikiria yeye, wakati yeye hakuwahi kuwafikiria zaidi ya uzito wao. Akajidharau, na zamu hii haikuwa na saa ya kuisha.

"Ahsanteni," alisema.

Winifrida akazungusha orodha ya abiria. Telesphor alikuwa wa tisa. Kisha akaitandaza ramani juu ya meza, akashika kalamu nyekundu.

"Kila mtu amechagua pa kusimama, wewe peke yako bado. Chagua, kaka, usione haya. Popote."

Kidole cha Telesphor kilikwenda chenyewe. Kikavuka mpaka, kikafika msituni, kwenye kile kipande kisicho na kijiji wala alama, kikatulia katikati yake.

Winifrida aliinama, akavaa miwani. "Hapa pana nini?"

"Hamna kitu," alisema Telesphor.

Winifrida akachora duara jekundu mahali pale, na pembeni akaandika: kituo cha nane.