Sindano ya Jumapili na Barabara ya Kakuma

Kila Jumapili, baada ya ibada ya kwanza na kabla jua la Lodwar halijaanza kuchoma mabati, nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikafinya nyama ya tumbo kwa vidole viwili, nikajichoma sindano. Haikuuma. Ni fupi kuliko mwiba wa mgunga, nayo imefichwa kwenye ncha ya kitu kinachofanana na kalamu nene. Unabonyeza, unangoja, unachomoa. Kisha niliirudisha kalamu ile ndani ya chungu nilichokuwa nimekizika hadi shingoni kwenye karai la mchanga wenye maji, kwa kuwa umeme wetu hukatika, na friji isiyo na umeme Lodwar ni kabati la joto tu.

Nilikuwa naogopa jambo moja: kukatwa mguu.

Baba alikuwa dereva wa lori. Alibeba mahindi ya misaada kutoka Kitale, akapita Kainuk, akapita kwetu, akaendelea hadi mpakani, na kila aliposimama alikunywa soda mbili za baridi kama mtu anayeongeza maji kwenye rejeta. Sukari ilipompata hakuna aliyeishtukia. Kiatu kilimchuna kidole kidogo, kidonda kikakataa kupona, na aliporudi kutoka hospitali Eldoret mguu wake wa kulia haukurudi naye. Hatukuwa tumezoea kuona suruali yake imekunjwa na kubanwa kwa pini, akafa.

Mwili wangu ni wake. Kifua kile, tumbo lile, ulimi ule unaopenda tamu. Kwa hiyo daktari wangu, mama mtaratibu anayezungumza kama mtu anayesoma habari, aliponiambia sukari yangu imefika mahali pabaya, maneno mengine yote yalipita juu ya kichwa changu. Nilikuwa nimeinama natazama miguu yangu ndani ya ndala.

Baiskeli ilikuja kwanza. Niliinunua kwa mfanyakazi mmoja wa misaada aliyekuwa anaondoka Kakuma, baiskeli nyembamba ya mbio, nyepesi kama mifupa ya ndege. Siku ya kwanza nilipoipanda, wanawake waliokuwa wakiuza makaa kando ya barabara walicheka hadi wakakaa chini. Nikajiunga na klabu ya waendesha baiskeli ya pale mjini, watu wachache tunaotoka kabla ya mapambazuko na kurudi kabla lami haijalainika. Nahodha wetu ni mwalimu wa sekondari, mrefu, mkavu, asiyetoa jasho. Aliniita mwandishi, kwa sababu alisikia natunga riwaya, na kila nilipobaki nyuma alipunguza mwendo na kuniuliza bila kugeuka, "Mwandishi, hiyo sura ya kwanza inaisha lini?"

Sukari ilishuka kidogo, mwili ukabaki palepale. Ndipo daktari akaniandikia sindano. Alinieleza kwamba itaninyima hamu ya kula, na kwamba lazima nile hata bila hamu, hasa mimi ninayeendesha baiskeli, na chakula kikikataa kukaa tumboni nimpigie simu. Nikaitikia. Mtu anayeogopa huitikia kila kitu.

Njaa ilinitoka polepole, kama mgeni anayeaga huku akizungumza mlangoni. Kwanza ikapotea ya saa nne, ile ya chai na mandazi. Halafu ya mchana. Kisha nikaamka siku moja nikakuta nyumba nzima ya mwili wangu iko kimya. Sijui nikueleze vipi furaha ya ukimya ule. Tangu utotoni nimeishi na sauti iliyoniuliza kuna nini kwenye sufuria, na sasa sauti hiyo haikuwapo. Nilipita mbele ya kibanda cha chapati kama mtu anayepita mbele ya duka la vipuri vya trekta.

Suruali zikaanza kuteleza. Kwenye kilima cha kutokea mtoni sikuwaona tena wenzangu wakipotelea juu. Niliona migongo yao, halafu viuno vyao, halafu siku moja nikaona nyuso zao, kwa kuwa nilifika nao. Nahodha alinitazama, akanipa chupa yake ya maji, na kwangu ilikuwa zaidi ya sifa.

Sokoni mambo yalikuwa mengine. Kwetu mtu hakondi kwa hiari. Anayekonda ana kifua, au ana ule ugonjwa ambao watu huushushia sauti, au amefiwa. Mama mmoja muuza samaki wakavu, aliyenijua tangu nikibebwa mgongoni, alinisimamisha mbele ya wenzake.

"Ejok," akanisalimu kwa Kiturkana, akinipima kutoka kichwani hadi miguuni. "Sasa hii mwili umepeleka wapi?"

Nikamwambia nimeuacha barabarani.

"Rudi uchukue. Mtu ya kuoa atakuja akute fremu mbili za baiskeli."

Nilicheka pamoja nao. Lakini jioni ile mama yangu, aliyekuwa ameletewa habari kabla sijafika nyumbani, aliniuliza kama kuna jambo namficha. Nikamweleza yote: sindano, sukari, daktari. Nikamwambia siumwi, ni dawa tu. Mama akalikamata neno hilo moja. Dawa hupewa mgonjwa, akasema. Mzima anapewa chakula.

Kufikia hapo nilikuwa nimepandishwa dozi, kama ilivyo utaratibu, na raha ya ukimya ilikuwa imekwisha. Chakula hakikuwa tena kitu nisichokitamani, kilikuwa adui. Ugali ulikaa mdomoni kama udongo wa kukandika ukuta. Harufu ya mafuta ya kukaangia ilinitoa mbio jikoni. Na nilikuwa naendesha baiskeli kila siku, kwa sababu nahodha alikuwa ametangaza kwamba tungeenda Kakuma kwa siku moja, na watakaofika na kundi ndio wangeiwakilisha klabu kwenye mashindano ya Kitale.

Najua ulivyo ujinga kutaka kitu kama hicho. Lakini kichwani mwangu Kakuma haikuwa Kakuma. Nilijiambia kwamba miguu inayoweza kufika kule kwa pedali ni miguu ambayo hakuna msumeno utakaoigusa.

Nilijaribu kula, nakuapia. Nilitia glukosi kwenye chupa, nikaweka tende mfukoni, nikazinyonya kama peremende hadi zikawa kokwa. Zikarudi. Nikajaribu uji mwepesi, ukarudi. Nahodha aliniona nimeinama kwenye mchanga kando ya lami, nikitapika maji ya njano, akangoja hadi nikafuta mdomo, akanishauri nisiende safari hii. Nikamwambia ni jua. Kwa daktari sikupiga simu. Nilijua angesema nipunguze kimoja, na vyote viwili vilikuwa miguu yangu: sindano ilikuwa mguu mmoja, baiskeli mguu wa pili.

Tulitoka Lodwar nyota zikiwapo. Mwanzoni nilikuwa mzuri. Nilikaa nyuma ya gurudumu la nahodha, mahali ambapo upepo haukufikii, nikasikia minyororo ikisugua kwa sauti moja kama mvua ndogo juu ya majani makavu. Jua likatoka upande wa ziwa, likatutupia vivuli virefu mbele yetu. Tukapita mabonde makavu ya mchanga, tukapita ngamia waliotutazama kwa dharau, na wakati fulani nikaimba moyoni.

Kisha mwili ukazimika. Sina neno jingine. Haukuchoka, uchovu naujua, ni kitu unachoweza kubishana nacho. Huu ulikuwa kama kibatari kilichonyonya tone la mwisho. Gurudumu la nahodha likaanza kwenda mbali, umbali wa kiganja, wa mkono, wa nyumba. Niliiamuru miguu isukume na miguu haikuwa na habari nami. Jasho likawa baridi. Milima ya Pelekech ilikuwa imeanza kuonekana mbele, ya bluu, kwa hiyo najua hapakuwa mbali sana kutoka Kakuma. Nikateremka, au nilianguka, na nikajikuta nimekaa chini ya kivuli cha mgunga kisichotosha hata mbuzi, vidole vikishindwa kufungua chupa.

Nahodha alirudi. Nilimwomba aniache nipumzike kidogo nitawafuata. Akanifungulia chupa, akanitia glukosi mdomoni kwa kidole kama mtu anayempaka mtoto asali, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza alizungumza nami bila mzaha.

"Mimi sikupeleki Kitale," akasema. "Na hata ukinichukia, sikupeleki hata hapo mbele."

Akasimamisha lori la makaa. Nikaingia Kakuma juu ya magunia, baiskeli imelala pembeni yangu, uso mweusi, nikilia bila sauti kwa sababu hata kulia kunataka nguvu.

Kwenye kambi ya wakimbizi ya pale nina rafiki, mwanamke wa Kikongo mwenye hoteli ndogo karibu na soko. Mara nyingi nimeandika nikiwa nimekaa kwenye kona yake. Alinilaza kwenye mkeka nyuma ya pazia na kunipikia kila anachokijua, majani ya muhogo, ugali, na kila alichopika nilikigeuzia uso. Siku ya pili akasimama mbele yangu na mwiko.

"Eh, mama. Minakupikia sombe, unakataa. Minakupikia bugali, unakataa. Sasa unapenda nikupikie nini, upepo? Hapa watu wanapanga mstari juu ya chakula, na weye uko unalipa pesa juu ya kuikimbia."

Alisema bila ubaya, na alikuwa ameshika bakuli la maji ya wali yenye chumvi. Nilikunywa vijiko kadhaa, vikakaa. Kisha nikampigia daktari. Hakunikaripia, na ingekuwa afadhali angenikaripia. Alisema sindano ya wiki hiyo niiache, nikichoma tena nirudi dozi ndogo ya mwanzo, na baiskeli nisiiguse hadi niweze kula. Sukari huenda ikapanda, akasema, tutaitazama. Nikamuuliza itapanda kiasi gani. Akasema hajui.

Mama alifika kwa gari la asubuhi. Alikuwa amesikia nimeanguka njiani, na kufikia Kakuma habari hiyo ilikuwa imekua hadi nimekufa nikafufuka. Hakunifokea. Alinichukua hadi kwa kaka yake anayeishi ng'ambo ya mto Tarach, na kaka yake alikuwa tayari ameshika mbuzi.

Sikuwa na nguvu ya kukataa. Nyumbani kwetu mtu anapokwisha mwilini bila sababu inayoonekana anachinjiwa, matumbo yanatazamwa, na yale majani yaliyosagika tumboni mwa mbuzi anapakwa mgonjwa ili ugonjwa utoke. Tunaenda kanisani, na bado tunafanya hivyo. Mjomba, aliyevaa jezi ya timu ya mpira ya Uingereza iliyopauka, aliyatandaza matumbo juu ya ngozi, akayatazama kwa muda.

"Hapa kuna barabara," akasema.

"Barabara tunaijua," mama akamjibu. "Endelea."

"Ni barabara tu. Mbuzi huyu hakusema zaidi."

Wakaniwekea ini lililochomwa. Nilikata kipande kidogo kama ukucha, nikatafuna, nikatafuna. Watu wote walinitazama mdomo. Kikafika kooni kikasimama, na nikakimbilia nyuma ya boma. Niliporudi mama alikuwa bado amekaa mbele ya sahani ile.

"Mimi nilitembea kutoka Nakalale nikiwa na mimba yako," akasema, "na njaa haikunitoka hata hatua moja. Nilikula matunda ya mikoma hadi meno yakauma. Hakuna aliyeniambia kuna sindano yake." Akaisukuma sahani kando. "Ukiacha hiyo dawa, utaenda kama baba yako?"

"Sijui, mama."

"Na usipoiacha?"

"Utaniona nilivyo."

Akaomba nimwonyeshe inapoingia. Nikainua blauzi. Hapakuwa na kitu cha kuona, vidoa tu kama vya mbu. Akachota majani yale mabichi, ya vuguvugu, akanipaka tumboni, kifuani, shingoni. Yalinuka kama malisho baada ya mvua, na ajabu ni kwamba harufu hiyo haikunichafua moyo.

"Na miguu," nikasema.

"Miguu haikuletei shida."

"Bado."

Mama alinitazama. Yeye ndiye aliyekuwa akimfunga baba bendeji. Akapiga magoti kwenye mchanga, akachota tena, akaanza mapajani, akashuka magotini, akafuata misuli ya vigimbi ambayo nilikuwa nimeitengeneza kwa miezi mingi ya lami, taratibu, akiikanda, akihema. Hakuomba kwa sauti. Mjomba alijifanya anashughulika na moto.

Jumapili ya kwanza niliiruka. Klabu ilienda Kitale bila mimi. Nahodha alinitumia picha yao wakiwa Kainuk wanakunywa chai, nami sikujibu. Sukari, nilipoipima kwa kimashine cha rafiki yangu wa hotelini, ilikuwa imeanza kupanda.

Jumapili ya pili, tukiwa tumerudi Lodwar, niliitoa kalamu chunguni, nikarudisha alama yake kwenye dozi ndogo na nikaishika muda mrefu bila kuichoma. Mama alikuwa amekaa mlangoni, ameniletea kikombe cha uji, hakuniambia nifanye wala nisifanye. Nikachoma. Kisha nikachukua kikombe nikanywa nusu yake kwa mafundo madogo, nikakiweka chini. Tukakaa hivyo, sote wawili, tukingoja kuona kama uji utabaki tumboni.