Stabilizateri kwa Mama wa Mikate

Papa ni fundi umeme, nami, binti yake, nasoma elektrisite, mwaka wa nne sekondari. Juzi tulienda mtaa wa Mabanga kwa mama mmoja anayeoka mikate. Wiki iliyopita Papa alimwekea paneli za jua na onduleri, ile mashine inayogeuza umeme wa jua na kuuunga na umeme wa mji. Tangu hapo, kila adhuhuri taa zinacheza na mashine ya kukanda unga inazimika.

"Papa, batu banasema huku kuna mapepo!" mama alimwambia. "Ikifika saa kumi bado hivi, ubebe bintu byako."

Papa akatokwa na jasho. Wateja wake karibu wote ni wa mtaa ule. Akionekana anashusha paneli mchana kweupe, nani atamwita tena?

Mimi siongei mbele ya watu. Nilisimama tu nikisikiliza: tak, tak, tak. Ilikuwa stabilizateri. Hapa Goma umeme hupanda na kushuka ovyo, kwa hiyo hatuchomeki kitu bila hicho kisanduku cha kuunyoosha. Papa naye, kwa mazoea, alikiweka kati ya onduleri na waya wa mji. Basi onduleri ikipima volti, kisanduku kinaibadilisha. Onduleri inajirekebisha, kisanduku kinabadilisha tena. Zinagombana, hasa adhuhuri umeme wa jua ukiwa mwingi.

Lakini utamwambiaje baba yako kwamba amekosea, mteja akiwa pale pale? Nikaandika kwenye kayee, daftari langu la shule: "Toa stabilizateri. Weka onduleri kwenye modi ya kushikilia volti." Modi hiyo inatumia nguvu tunayoiita reaktivu darasani. Haizungushi mashine yoyote, ila jua likiwa kali inazuia volti isipande mno.

Papa alisoma. Niliogopa sana. Kisha akazima vyote, akaunga waya moja kwa moja, akaniachia vitufe vya onduleri. Nikachagua modi ile.

Tukawasha. Taa tuli! Mashine ilikanda unga wote, jua la saa saba likiwaka, bila kuzimika.

"Muzee, umefanya nini?" mama akamuuliza Papa.

"Miye ndiye nilikosea. Uliza huyu mutoto wangu."

Alisema hivyo, mbele ya mteja! Nikaanza kueleza, macho chini.

"Ongea kwa nguvu, mama, sisikii!" mama wa mikate akaniambia.

Nikarudia kwa sauti, mpaka wafanyakazi wake wakaacha kazi kunisikiliza.

"Basi paneli zibakie," mama akasema. "Lakini wewe Papa, siku ingine usikuje bila huyu."