Nyota Iliyofifia kwa Mzee Peke Yake

Miaka ile ya tisini, Nyasubi nzima, mtaa wetu, ilitazama chini. Mume wangu naye alikuwa mashimoni Geita, akifukua dhahabu. Tajiri yangu, mzee wa Kihindi niliyekuwa nikimuuzia vitambaa dukani kwake, ndiye pekee aliyetazama juu.

Mkewe alishafariki, wanawe walishahamia ng'ambo. Kilichobaki ni duka, na darubini juu ya paa la zege. Akaniomba nimsaidie. Nilikuwa mbishi, kwa hiyo alinieleza mara nyingi: kuna nyota unaiona moja kumbe ni mbili, zinazungukana. Moja ikipita mbele ya nyenzake, mwanga unafifia, kisha unarudi. Ikiwapo sayari inayozizunguka zote mbili, inazivuta kidogo, na kule kufifia kunawahi au kunachelewa kidogo mno. Kazi yetu ilikuwa kunasa wakati huo, naye akiwapelekea wataalamu wa huko nje kwa barua. Yeye jicho kwenye darubini, mimi na saa, tuliyoirekebisha kwa milio ya redio kabla ya taarifa ya habari. Akisema "sasa," naisoma.

Nilimtania kwamba sayari yenye majua mawili ni sawa na mtoto wa mke mkubwa na mke mdogo, atatulia kwa nani? Alicheka hadi akakohoa. Akasema hilo ndilo swali lenyewe, na anataka jibu kabla hajafa. Nilimpenda sana mzee yule.

Halafu akaanza kuwakatia wateja kitambaa cha kijani badala ya buluu. Nikasema moyoni, uzee huo.

Jioni moja ya kiangazi tulipanda mapema. Nyota ilitarajiwa kufifia baada ya taarifa ya habari ya saa mbili. Redio haijalia hata mlio, mzee akasema, "Sasa." Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuwa sayari haiwezi kuivuta nyota ikawahi kiasi hicho, lakini mwenye hamu hasikii, hata la kwake. Akanivuta nikathibitishe.

Nikachungulia. Nyota ilikuwa inawaka vilevile, kati ya zile jirani mbili tulizozoea kuilinganisha nazo. Nikachungulia tena, nikimwomba Mungu aififishe, hata kidogo.

"Iko vilevile, Mzee."

Alifunika jicho moja, akatazama, akafunika la pili. Akakaa kwenye kigoda.

"Basi ni mimi, mayu," akasema. Aliniita hivyo kila mara, kama Wasukuma wanavyomwita mama.

Machozi yalinitoka, sikuyaficha. Nikamwambia hatujashindwa: leo nitatazama mimi, yeye ashike saa. Akakubali upesi. Taarifa ya habari ikaja, ikaisha. Tukangoja. Nyota ikaanza kufifia kweli, polepole, mpaka ikafika chini kabisa.

"Sasa," nikasema.

Nikageuka anisomee saa. Alikuwa ameisogeza saa kwenye tochi yetu iliyofungwa kitambaa chekundu kupunguza mwanga, akaisogeza tena, hadi kioo kikagusa pua. Ningeweza kuisoma mimi. Mkono haukuthubutu kumpokonya.

"Umesema sasa?" akauliza.

"Nimesema, Mzee."

"Basi imepita," akasema, akanirudishia saa.