Nurjahan na Kesi ya Mizinga ya Igalula

Nurjahan binti Jivraj alikuwa na mdomo tangu utotoni. Katika duka la nguo la baba yake, mjini Tabora, aliweza kubishana na mteja kama kitambaa ni cha bluu au cha zambarau, mpaka mteja akasahau alichokuja kununua.

"Huyu mtoto atanifukuzia watu wote," Jivraj alilalamika.

Mama Mwanajuma, aliyekuwa akiuza vitumbua barazani pa duka hilo, akacheka. "Basi mpeleke wanakofanya kazi kwa kubishana."

Ulikuwa mzaha tu wa asubuhi, lakini Jivraj hakuwa mtu wa kuliacha neno lipite. Nurjahan alipomaliza shule, na ndugu wakaanza kutaja wachumba, baba yake aliwatangazia kwamba binti anakwenda London kusomea uwakili. Shangazi zake walilia kana kwamba kuna msiba. Yeye mwenyewe alipanda treni ya kwenda Dar es Salaam huku anatabasamu, na hakuangalia nyuma mpaka treni ilipopita mizani ya pamba, mwisho wa mji.

Mambo ya London yalimshangaza. Huko, mitihani peke yake haikumtosha mtu anayetaka kuwa wakili. Alitakiwa pia ale chakula cha jioni pamoja na mawakili wakongwe, katika ukumbi wenye picha za wazee waliokunja nyuso, muhula baada ya muhula. Asiyekula hapati joho, hata awe na akili kama nini. Nurjahan akawaandikia wa nyumbani kwamba anasomea kula. Mama yake, kwa hofu ya nguruwe, akamsihi asiguse kitu asichokijua, na kwa kuwa karibu kila kilicholetwa mezani alikuwa hakijui, alimaliza mafunzo yake yote kwa viazi.

Baada ya chakula walifanya kesi za kuigiza. Hapo ndipo alipong'aa. Alijifunza kusimama wima, kushika kola ya joho kwa mikono miwili, na kutoa sentensi ndefu iliyopanda, ikazunguka, ikashuka taratibu kama moshi wa ubani. Wakongwe waligonga meza kumsifu. Aliamini amekwisha kuwa wakili.

Alirudi Tabora mwaka 1956 akiwa na sanduku la vitabu na wigi la manywele ya farasi ndani ya kopo jeusi. Mama Mwanajuma alifunua kopo hilo, akaruka nyuma.

"Kimekufa lini?"

"Ni kofia ya kazi, Mama."

"Na joto hili? Pole, mwanangu."

Lakini desturi ya mji ilimtaka kwanza akae chini ya wakili mzoefu mpaka aive. Aliyempokea ni Champaklal, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye ofisi yake ilinukia karatasi kuukuu na chai ya tangawizi. Nurjahan alimwita Kaka, ambalo kwa Kigujarati ni baba mdogo, na watu wa sokoni hawakuchoka kucheka kusikia msichana akimwita kikongwe yule kaka.

Siku ya kwanza, ofisini, Champaklal alimwomba ajifanye anamwuliza shahidi swali lolote. Nurjahan akasimama, akashika kola, akaanza. Mzee akanywa chai yake polepole, akamaliza kikombe, akakiweka chini. Swali lilikuwa bado linaendelea.

"Binti," akasema, "shahidi wako amekwenda kwao kulima, amevuna, amerudi. Wewe bado unauliza."

Nurjahan alihisi masikio yake yanawaka.

Kuanzia hapo mafunzo yakawa hivi: asubuhi alikaa mahakamani nyuma ya mzee, amefumba mdomo, akisikiliza. Mchana, ofisini, Champaklal aligeuka shahidi. Siku nyingine alijitanda kanga kichwani akawa mjane analia. Siku nyingine alikuwa kiziwi, au mwizi wa mbuzi mwenye adabu kupita kiasi aliyejibu kila kitu kwa "ndiyo, mheshimiwa" bila kusema lolote. Nurjahan aliruhusiwa kuuliza kwa pumzi moja tu, na kwa Kiswahili cha kila siku. Akikosea, mjane alizidisha kilio hadi wapita njia wakachungulia dirishani.

Alichukia. Alikuwa amekwisha kuapishwa mbele ya jaji, jina lake limeandikwa pamoja na majina ya wenzake, na bado mzee alimkataza kusema neno mahakamani. "Hujaiva," ndilo jibu alilolipata kila alipouliza. Jioni alimweleza baba yake kwamba anafundishwa na mwigizaji, si wakili. Jivraj aliendelea kupima kitambaa, akaonekana anazuia kicheko.

Wakati wa masika ndipo ilipoletwa kesi ya Bernadeta.

Bernadeta alikuwa mjane, mkulima wa upande wa Igalula. Mumewe alikuwa mrina asali, na alipofariki, watu walitegemea mjane ataiuza ile mizinga. Hakuuza. Alifunga kitenge kiunoni, akawasha mwenge wa moshi, akapanda miti mwenyewe. Wanaume wa kijijini hawakupenda. Aliyechukia kuliko wote ni Tobias, nyapara wa reli, aliyekuwa na mzinga wake kwenye mti uleule mkubwa wa mninga ilikoning'inia mizinga ya Bernadeta. Tobias alimshtaki kwamba amemwona kwa macho yake akirina mzinga usio wake. Paroko wa kwao ndiye aliyemwomba Champaklal amsaidie mama huyo.

Siku chache kabla ya kesi, Champaklal alisafiri kwenda Mpanda kwa shughuli nyingine. Mvua ikanyesha bila huruma, reli ikasombwa, naye akakwama Kaliua pamoja na abiria wenzake. Ikaja simu ya maandishi yenye maneno machache: SIMAMA WEWE. ULIZA KWA UFUPI.

Nurjahan aliisoma, akakaa kwenye kiti cha mzee, akasimama tena. Kisha akalitoa wigi kwenye kopo.

Kwenye ngazi za mahakama alimkuta Bernadeta amekaa kwa utulivu, viatu mkononi ili visichafuke matope.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mzee yuko wapi?"

"Amekwama njiani. Leo nitakusemea mimi."

Bernadeta alimtazama kuanzia wigi mpaka chini. "Wewe ulisomea kazi hii?"

"Nilisomea."

"Na wanaume hawakukuzuia?"

"Walijaribu. Shangazi zangu zaidi."

Mjane akacheka, akavaa viatu. "Haya. Twende."

Hakimu alikuwa Mwingereza mrefu aliyejua Kiswahili cha kutosha na kupenda kukionyesha. Tobias aliapa, akaeleza kesi yake kwa sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha vibarua. Kisha ikawa zamu ya Nurjahan. Mikono ilimkimbilia kwenye kola, akaishusha.

"Bwana Tobias, ulimwona Bernadeta wapi?"

"Juu ya mti, jioni, jua likiwapo."

"Wewe ulisimama wapi?"

"Chini palepale. Karibu kabisa."

"Nyuki walikuwaje?"

"Wakali! Walijaa hewani kama vumbi."

"Walikuuma wapi?"

Tobias akajipapasa shingo. "Hawakuniuma."

Watu wakaguna. Hakimu akainua kichwa.

"Ulikuwa na mwenge?"

"Hapana."

"Basi labda hukuwa karibu kabisa."

"Labda nilikuwa kule njiani," Tobias alikiri, jasho likimtoka.

Lau maswali yangeishia hapo, mambo yangekuwa mazuri. Lakini Nurjahan alikuwa amelewa sauti yake, na swali lingine likamponyoka kabla hajalifikiri. "Sasa toka njiani ulijuaje kuwa ni yeye?"

"Alikuwa anaimba," Tobias akajibu haraka. "Wimbo wa kanisani. Sauti yake kijiji kizima tunaijua!"

Chumba kikapasuka kwa kicheko. Bernadeta mwenyewe alitikisa kichwa kukubali, maana kweli alikuwa anaimba. Nurjahan alijua amejikwaa kwa swali lake mwenyewe. Akilini aliona uso wa mzee Champaklal, na ile kanga kichwani, na alitamani naye akwame Kaliua.

Lakini alikuwa bado amesimama, na watu wote wanamngoja.

"Mheshimiwa," akasema, "hatubishi kwamba alikuwa juu ya mti huo. Mizinga yake mwenyewe imo humo, na alikuwa akirina iliyo yake. Ubishi ni mmoja: mtu akiwa njiani, anaweza kuona ni mzinga upi unaoguswa? Sauti ya kuimba haisemi ni mzinga upi. Naomba mahakama ikaangalie."

Hakimu alifikiri, akatazama dirishani, akaona mvua imekatika. Alionekana kuchoka na kile chumba. "Tutakwenda," akasema.

Kesho yake Landrova ya serikali iliwapeleka, ikizama na kusukumwa njia nzima. Walipofika, hakimu alisimama njiani, mahali alipoonyeshwa na Tobias. Bernadeta, kwa ruhusa ya mahakama, akapanda upesi mpaka kwenye matawi, akaimba kidogo ili wajue yuko hai.

"Unaona nini?" hakimu alimwuliza karani wake.

"Majani, mheshimiwa. Nasikia mtu."

"Na mimi ndivyo." Akamgeukia Tobias. "Anagusa mzinga upi sasa?"

Tobias alikodoa macho. "Wangu!" akasema.

"Sijagusa wowote!" ilishuka sauti kutoka juu. "Nimeshika tawi!"

Hata askari walicheka. Hakimu angeweza kurudi garini wakati huo, lakini alitaka kuona kwa karibu alama walizochora wenye mizinga, akasogea mpaka kwenye shina, akagonga mzinga mmoja ulioning'inia chini chini kwa fimbo yake. Nyuki wakatoka. Mahakama nzima ya wilaya ilikimbia vichakani, karani mbele, hakimu nyuma ameshika kofia, Nurjahan ameinua joho mpaka magotini. Ni Bernadeta peke yake aliyeshuka kwa mwendo wa kawaida.

Hukumu ilitolewa ndani ya Landrova, vioo vikiwa vimefungwa, na hakimu ambaye jicho lake moja lilikuwa limevimba likaziba. Mashtaka yalifutwa. Tobias aliketi pembeni akijikuna shingo, na safari hii aliumwa kweli. Bernadeta alimkatia majani ya kupaka, akampa.

Reli ilipotengenezwa, Champaklal alishuka kituoni amekunjamana kama shati. Habari zilikwisha kumfikia.

"Lile swali la mwisho," alisema kabla hata ya salamu, "nani alikutuma?"

"Nilijituma, Kaka."

"Mimi nililiuliza mara nyingi, ujanani." Akamkabidhi mkoba wake wa ngozi. "Kuna mtu wa Kaliua anagombania ng'ombe na shemeji yake. Wote wawili waongo. Treni ni kesho asubuhi."

"Na wewe je?"

"Mimi nitalala," alisema mzee, akaelekea ofisini kutafuta chai.

Nurjahan alifanya kazi hiyo Tabora kwa miaka mingi, akipanda na kushuka treni za njia ile, akienda Nzega na Kahama kwa mabasi, na kufika vituo vidogo ambako mahakama ilikaa chini ya paa la nyasi. Tangu siku ile ya nyuki, wigi alilivaa mbele ya jaji tu. Lakini asubuhi ile ya kwanza, alipokwenda Kaliua, mama yake alimfungia viazi vya kuchemsha kwa safari. Alivigawa kwa abiria wote, akanunua mishikaki.