Meza Iliyobaki Uchi Upande Mmoja

Dada yangu ni mwalimu wa hesabu, na tangu utoto hajui kulinyamazia kosa la mtu. Mimi ni fundi cherehani. Tunaishi pamoja, chumba cha mbele ndicho karakana yangu, kwa hiyo makosa yangu anayaona bila kiingilio.

Meza yetu ya chakula niliishonea kitambaa. Nilitaka kining'inie kidogo kila upande, upana nikaupatia, lakini kwenye urefu nikaongeza kipimo cha upande mmoja tu badala ya pande mbili, nikakata. Nilipokitandika, dirishani kilishuka vizuri, mlangoni meza ikabaki uchi. Dada alicheka mpaka akakaa chini, kisha akatoa simu akakipiga picha. Nikajua nimekwisha.

Wiki iliyofuata wanafunzi wake walifungua vishikwambi vyao, wakakikuta kitambaa changu. Mazoezi ya humo huwatungia mwenyewe. Hayaanzi na kanuni, yanaanza na tatizo la mtu, na ukikosea hupigwi mkasi mwekundu, ile alama ya kosa. Tatizo linabaki palepale, ujaribu tena. Safari hii aliandika: "Fundi amekosea wapi, na tumsaidieje bila kukitupa kitambaa?"

"Umeniuza kwa watoto," nilimwambia.

"Vumilia, mdogo wangu. Kuna mwanafunzi mmoja simpati."

Huyo mmoja alikuwa binti ambaye wenzake wanamwita Funika. Akikosea mara moja tu, hukilaza kishikwambi kifudifudi na kukiinamia mpaka kengele ilie. Alishamwambia mama yake kwamba hesabu basi, siku zenye kipindi hicho haendi shule. Dada alikuwa hali chakula vizuri kwa ajili yake.

Alasiri moja binti mwembamba mwenye sare akasimama mlangoni kwangu.

"Shikamoo. Wewe ndiye fundi aliyekosea?"

"Marahaba. Ndiye mimi, na riziki naipata vilevile."

"Usikitupe. Kikae katikati kwanza, halafu tukizungushie lesi pana. Nimejaribu kwenye kishikwambi."

Nikamwingiza ndani. Dada alikuwa mezani anasahihisha, akamwitikia salamu tu, akaninong'oneza "Funika," akainama tena. Binti akapima urefu wa kitambaa, akapima upana, akajumlisha, akakata kamba ya mfano wa lesi. Tulipoizungusha ikaishia nusu ya safari. Mama wee, kosa langu lilelile la kusahau pande: amehesabu mbili, kitambaa kina nne.

Uso ukamshuka. Akatazama mlango. Dada alishafungua kinywa. Nikamkanyaga mguu chini ya meza, akakifunga. Sijawahi kumwona akiteseka hivyo, nami niliwahurumia wote wawili, yeye na mtoto.

"Ulipokosea ulifanyaje?" binti akaniuliza, sauti ndogo.

"Nilinuna. Nikanywa chai. Kisha nikarudi kwenye cherehani, wateja walikuwa wananingoja."

Akafikiri. Vidole vyake vilikuwa vimeshaikunja ile kamba fupi, tayari kuificha mfukoni. Kisha akaikunjua, akainyoosha juu ya kitambaa, waziwazi, mimi na mwalimu wake tukiitazama.

"Hii imefika hapa," akasema. "Zimebaki pande mbili. Naomba tena tepu."

Nikampa. Dada akainuka, akatugeuzia mgongo, akaanza kupekua rafu akisema anatafuta miwani. Miwani alikuwa ameivaa.