Nimemchinja kuku wa mchezo

Leo mwanangu kanikimbia kisa kuku wa karatasi!

Wifi yangu katuletea mchezo wa ubao. Unarusha dadu, unapanda mboga, unamtunza kuku wako mpaka mwisho.

Tangu asubuhi Neema na shangazi yake wanacheka tu. Mimi nafua, nawaangalia, roho inaniuma.

Nikasema ngoja nicheze na mimi.

Nikaangukia kwenye picha ya mgeni anabisha hodi.

Nikasema, "Haya, tunachinja kuku!" nikamtoa kuku wa karatasi ubaoni.

Jamani, si ndivyo tunavyofanya huku Singida? Kumbe mgeni alitakiwa achumiwe mchicha.

Neema akaangua kilio. "Mama mbaya! Nahamia Manyoni kwa shangazi!"

Wifi kambeba, anacheka. "Wifi, umezidi ukarimu."

Nikamjibu, "Kesho ukiondoka, mchezo niachie. Na huyo uliyembeba niachie."