Chachu ya Mama Katika Chupa ya Achari

Mama alipozikwa, mimi nilikuwa kwenye chumba cha mapumziko cha nyumba ya wazee ninakofanya kazi, Woolwich, nimeikodolea macho simu. Karatasi zangu zilikuwa bado ziko kwa watu wa uhamiaji. Ningetoka Uingereza, nisingerudi. Kaka yangu mkubwa, ambaye mambo yake yalishanyooka zamani, alikwenda Kilimanjaro kuzika kwa niaba yetu. Picha ya simu ilikatika jeneza likiwa bado juu ya kaburi. Iliporudi, watu walikuwa wanapanga maua. Kaka aliporejea kwake Barking aliniambia nisihuzunike, kwamba niliwakilishwa vizuri. Mtu anawakilishwa kwenye mkutano wa chama cha ushirika, si kwenye kaburi la mama yake.

Mama alikuwa mpika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, na kwa mbege hiyo alitusomesha sote wawili. Hakuwahi kuanza pombe mikono mitupu. Kila pipa lilipokaribia kwisha alichota sira, lile tope la chini, akalianika kwenye kitambaa mpaka likawa magamba, kisha akayatunza darini juu ya jiko. Alipotaka kupika tena, alitangulia kuyaamsha kwenye kibuyu kidogo. Alisema ni chachu ile ile aliyopewa na mama mkwe wake alipoolewa, na yule naye aliikuta. Nilipokuwa naondoka kuja huku alinifungia magamba hayo kwenye pindo la kanga. Yakakaa miaka kwenye droo yangu ya chini, pamoja na vyeti.

Kaka alipotangaza kwamba tutafanya kumbukumbu ya mama kwenye ukumbi wa kukodi, nilisema pombe nitapika mimi, na nitapika kwa chachu yake. Nikamuuliza kama nyumbani kimebaki chochote. Akasema mama aliacha kupika tangu alipoanza kuugua, na vyombo vyake majirani waligawana. Basi kitu pekee cha mama kilichoweza kuwa hai kilikuwa kwenye droo yangu. Nilitaka kiishi. Katika msiba ule wote sikutaka kingine.

Ulezi mzima niliufuata Kingsbury, kwenye maduka ya Wagujarati. Mama mwenye duka, mzaliwa wa Moshi, aliniuliza kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha watoto wa kaka yangu kama ni wa uji. Nikasema ndiyo, sikuwa na nguvu za kueleza. Niliuotesha juu ya taulo mbichi kwenye kabati ya boila, ule mtambo wa maji moto, nikaukausha, nikausaga, nikapata kimea. Msesewe, gome linaloipa mbege uchungu, sikuupata London. Nikasema potelea mbali, uchungu ninao wa kutosha.

Chachu iliyolala miaka haitupwi kwenye pipa hivi hivi. Vilivyo hai ndani yake ni vichache na pipa ni kubwa. Kabla havijaongezeka, pombe imeshaharibika. Unavianzishia padogo. Nilichemsha uji mwepesi wa kimea, nikauacha upoe kabisa, nikautia kwenye chupa pana iliyokuwa ya achari, kisha nikamwaga magamba yote, maana kwa uzee ule sikuthubutu kubakiza. Nikaiweka karibu na boila. Kila nilipopita niliitikisa ipate hewa. Kimya. Kesho yake, kimya. Nikaanza kuisemesha kwa Kichaga, lugha ambayo London sina wa kuongea naye. Asubuhi moja, najiandaa kwenda kazini, nikakuta povu jembamba pembeni ya kioo na harufu ya jiko la mama. Nililia nimevaa yunifomu, basi likaniacha, nikaenda kukaripiwa na msimamizi ambaye koti langu limemzidi umri.

Niliilisha uji mwingine, mwingi zaidi, kisha tena, mpaka tope la chini likanenepa. Pombe yenyewe niliipikia kwenye gereji ya kaka, kwa sababu chumba changu hakina nafasi hata ya kugeukia. Chupa niliipakata kwenye treni, mfuniko nimeulegeza ipumue. Ndizi na uji wa kimea vilipopoa, nikamwaga chachu, ila nikabakiza vidole viwili vya tope chini ya chupa iwe mbegu, kama alivyokuwa akifanya mama. Kwa kuwa kutoka pale nilikuwa naunganisha kazini, niliisukuma nyuma kabisa ya friji yao. Wifi yangu, mke wa kaka, hakuwepo. Nikamwambia kaka ile chupa wasiiguse, ndiyo iliyobaki ya mama, nitaichukua siku ya shughuli.

"Haya, haya," akasema, macho kwenye simu.

Siku ya kumbukumbu ukumbi ulijaa. Kwetu aliyepika huonja kwanza mbele ya wageni, wajue pombe haina kitu kibaya. Kaka alinikabidhi kata mbele ya watu wote, na kwa hilo namshukuru hata leo. Nikanywa. Alikuwa mama, sina namna nyingine ya kusema. Mzee mmoja aliomba kuongezwa, akasema hajaionja mbege ya hivi tangu ujana wake. Binti wa kaka alinusa, akasema, "Auntie, it smells like feet," kwamba inanuka miguu, akaenda kutafuta soda. Hata hilo halikuniudhi. Nilihisi kwamba sasa na mimi nimemzika mama yangu.

Watu walipoanza kukunja viti nikaenda kwenye pipa kuchota sira. Lilikuwa jeupe, linanuka dawa. Wanawake wa kamati walishalisugua, maana ukumbi unakabidhiwa ukiwa safi. Sikushtuka sana, nikijua ya kwenye friji ipo. Hapo wifi akanijia na mfuko. Ndani yake mlikuwa na chupa yangu ya achari, inang'aa, lebo imebanduliwa, imejaa sukari mpaka shingoni.

"Wifi, chombo chako nilikikuta kwenye friji kina matope-matope," akasema. "Nimekiosha na bleach kabisa. Nisingeweza kukurudishia kichafu, wala kitupu."

Nilimtafuta kaka kwa macho. Alikuwa mlangoni anaagana na wageni, anapokea sifa za pombe. Nilitaka kupiga kelele. Lakini wifi alifanya kama inavyopasa: chombo cha mtu hurudishwa safi, na hurudishwa na kitu ndani. Mama mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo alipoolewa kwetu, nami nilikuwepo. Nikakipokea kwa mikono miwili, nikasema asante.

Baadaye kaka alinipigia kusema ni chachu tu, hamira zimejaa madukani, nisikuze mambo. Hatujaongea tangu hapo. Sukari niliitia kwenye chai yangu kila asubuhi, kwa kuwa sikulelewa kutupa sukari, mpaka kijiko kikagonga kioo. Ilikuwa sukari nzuri, na sijamsamehe hata mmoja wao.